Asidi, Besi na Kitenzi "Kuzimua"

Katika kufundisha kemia kwa Kiswahili, shida ya majina imekwisha kupata njia. Asidi, besi na alkali ni maneno yaliyokwisha ingia katika lugha, na mtoto aliyeonja ndimu, ukwaju na siki ameijua asidi kabla hajasikia ikitajwa. Penye taabu ni katika vitenzi.

Isemwapo kwamba besi "huzimua" asidi, kosa hupita bila ya kuonekana. Kuzimua, katika matumizi ya kila siku, ni kupunguza ukali wa kitu cha majimaji kwa kukitia maji. Asidi kali yenye pH 1 ikitiwa maji hata ujazo wake ukawa mara 10, pH yake hupanda kufikia 2 tu, nayo ni asidi vilevile. Maji yakizidishwa itakaribia 7, lakini haitaivuka. Huko ndiko kuzimua hasa.

Magadi yakitiwa katika maji ya ndimu, hutukia jambo jingine. Povu hufoka kwa gesi ya kaboni dayoksaidi itokayo; uchachu hupungua, na magadi nayo hupotea. Vivyo hivyo asidi ya haidrokloriki na haidroksaidi ya sodiamu, zikikutana moli moja kwa moli moja, hazibaki kama zilivyokuwa: hutokea maji na chumvi ile ile ya mezani. Hapakupungua ukali tu, bali pamepatikana vitu vipya.

Wengine husema besi "huua" asidi. Usemi huo nao una ila, kwani humfanya mmoja mtendaji na mwingine mtendwa, hali kila mmoja amemgeuza mwenziwe. Kiswahili kina kauli ya kutendana kwa haja kama hiyo. "Kubatilishana" lafaa zaidi. Upungufu wake ni kuwa halitaji kilichopatikana, basi mwalimu hana budi kuongeza: "zikatoa chumvi na maji".

Jambo hili si dogo. Katika shule za serikali za Tanzania, mwanafunzi aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi huikuta kemia ya sekondari kwa Kiingereza. Akiingia na dhana mbili ndani ya neno moja, atakosea, na watu watasema kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Kumbe lugha ilikuwa na maneno mawili, naye akapewa moja.