Ametoka kwenye Kadi, na Tayari ni Mama

Jamani, tafuteni kioo cha kukuzia! Nimepata kadi yangu ya kwanza ya nyigu Encarsia formosa, nimeitundika kwenye mnyanya ndani ya kitalu nyumba, na tangu waanze kutoka sibanduki kwenye majani. Kadi ni karatasi ngumu iliyobandikwa vigamba vyeusi, na kila kigamba ni tunutu wa inzi mweupe aliyeliwa ndani kwa ndani. Tazama: kigamba kinatobolewa tundu la mviringo, kichwa cheusi kinachungulia, kisha anajivuta nje nyigu kamili, kifua cheusi, tumbo la manjano, na mwili mzima haufiki hata milimita 1!

Huyo ni jike. Anayemfuata ni jike. Karibu wote ni majike! Mwilini mwao wanaishi bakteria waitwao Wolbachia, na kwa sababu yao yai lisilorutubishwa, ambalo kwa kawaida ya nyigu lingetoa dume, linatoa jike. Wakipewa antibiotiki inayowaua bakteria hao, madume wanaanza kuzaliwa. Basi hakuna kungoja wapandane: anayetoka kwenye kadi yuko tayari kutaga.

Na anavyochagua! Anapita chini ya jani akigongagonga kwa vipapasio, akimkuta tunutu anampanda na kumpapasa huku na huku, kama mnunuzi sokoni anayebonyeza parachichi. Akigundua kwamba nyigu mwingine ameshataga humo, mara nyingi anaondoka zake. Tunutu wa hatua ya tatu, au aliyeanza ya nne, ndiye anayempenda zaidi kwa kutagia. Wengine anawatoboa kwa sindano yake, anageuka, anakunywa majimaji yao, kwa kuwa humo mna protini ya kukomazia mayai yajayo. Aliyetagiwa anakufa, aliyenyonywa naye anakufa. Huyu ndiye nyigu ninayemtaka shambani! Penye joto zuri, kigamba kinageuka cheusi baada ya siku kama 10, na yapata wiki 3 tangu yai litagwe, jike mpya anatoka.

Kinachoniuma ni kwamba tulikuwa naye zamani. Mwaka 1926 mkulima wa nyanya nchini Uingereza aliona vigamba vyeusi kati ya vile vyeupe, vikamfikia mtaalamu wa wadudu E. R. Speyer katika kituo cha utafiti cha Cheshunt. Miaka ya 1930 kituo hicho kilikuwa kikigawa nyigu wapatao milioni 1.5 kwa mwaka. Ikaja DDT, nyigu wakawekwa kando, na wakakumbukwa kwa nguvu miaka ya 1970, inzi weupe walipokwisha kuizoea sumu.

Ana masharti, na ninayakubali yote. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 anazubaa. Majani yakijaa ule utamu unaonata wa inzi weupe anakwama, anapoteza muda kujisafisha, kwa hiyo mtundike mapema, inzi wakiwa bado wachache. Dawa ya kupulizia iache stoo. Na ukipunguza majani ya chini ya mnyanya, usiyachome upesi: yageuze kwanza, na yenye vigamba vyeusi ambavyo havijatobolewa yaache palepale chini ya shina, majike wengine wamo humo.