Picha Mbili za Usiku Mmoja

Kipindi tunachokijadili hapa kilirushwa hewani Jumamosi, tarehe 3 Oktoba 1992, saa tano na nusu usiku kwa saa za New York. Kinaitwa Saturday Night Live. Ni kipindi cha vichekesho ambacho televisheni ya NBC ya Marekani imekuwa ikikirusha tangu Oktoba 1975, na huchezwa mubashara mbele ya watu waliokaa studio. Msomaji aliyewahi kucheka na Ze Comedy atakielewa upesi: maigizo mafupi mafupi, wakubwa wakiigwa sauti na mwendo, taarifa ya habari ya utani, na kati ya vichekesho mwanamuziki mgeni anaimba nyimbo mbili. Usiku ule mwenyeji wa kipindi alikuwa mwigizaji Tim Robbins. Mwanamuziki alikuwa Sinéad O'Connor, binti wa Ireland mwenye umri wa miaka 25, kichwa chake kimenyolewa.

Huenda mtu akauliza kichekesho cha usiku wa manane kinatafuta nini katika kitabu cha imani. Jibu letu ni fupi. Mwishoni mwa wimbo wake wa pili, dada huyo alichana picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili mbele ya kamera. Papa yule yule aliyetutembelea Tanzania Septemba 1990, ambaye picha yake imetundikwa katika sebule nyingi za waamini, pengine kando ya Moyo Mtakatifu, pengine juu ya kalenda ya jimbo. Tangu mwaka 2014 tunamwita Mtakatifu. Kwa hiyo hatuji kwenye tathmini hii kama watu wasiohusika. Tunaitazama picha ile ikichanika na inatuuma, nasi hatuoni sababu ya kuficha maumivu hayo.

Maigizo ya usiku ule tutayapita haraka. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi Marekani, na wachekeshaji kama Dana Carvey na Phil Hartman walikuwa mafundi wa kuwaiga wagombea. Ni kazi ya ustadi, ila utani wa uchaguzi huzeeka pamoja na wagombea wake. Kilichobaki katika kumbukumbu za watu ni zile dakika chache ambazo hapakuwa na kichekesho chochote.

O'Connor alisimama peke yake, amevaa gauni jeupe, mishumaa ikiwaka pembeni. Hapakuwa na gitaa wala ngoma. Aliimba kwa sauti tupu wimbo wa Bob Marley uitwao War, uliotoka mwaka 1976. Sisi Waafrika tuna haki ya kuutega sikio wimbo huu kwa namna ya pekee, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno yake ilitoka katika hotuba ya Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia mbele ya Umoja wa Mataifa, tarehe 4 Oktoba 1963, katika jiji hilo hilo la New York. Ilikuwa hotuba dhidi ya ubaguzi wa rangi na ukoloni. Ilikuwa imebaki siku moja tu itimize miaka 29.

Karibu na mwisho dada huyu aligeuza baadhi ya maneno. Mahali ambapo mfalme alizungumzia ubaguzi, yeye aliingiza unyanyasaji wa watoto. Ufunguo wa tendo zima uko hapo, na wengi waliotazama uliwapita, kwa kuwa jicho huwahi kuliko sikio. Alipofika kwenye ushindi wa wema dhidi ya uovu aliinua picha, akaichana vipande, akawaambia watazamaji wapigane na adui wa kweli, akavirusha vipande vile kuelekea kamera, kisha akazima mishumaa.

Pakawa kimya. Studio za vichekesho huwa na taa inayowaashiria watu wapige makofi. Mwongozaji wa kipindi aliamuru isiwashwe. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyezomea, hakuna aliyecheka. Ukimya ule, kwa maoni yetu, ni sehemu ya kweli kuliko zote katika kipindi kizima, maana wale watu hawakujua la kufanya na hawakujifanya wanajua.

Tuseme sasa tunachoona kilikosewa. Nabii Yeremia, katika sura ya 19 ya kitabu chake, alitumwa kununua gudulia la mfinyanzi na kulivunja mbele ya wazee na makuhani. Lakini hakuvunja akaondoka. Alieleza gudulia ni nini, kosa ni lipi, na nani amelitenda. Ishara yake ilikuja na tafsiri yake. O'Connor aliacha ishara bila tafsiri. Bibi mzee aliyekuwa nyumbani na rozari yake mkononi angejuaje kwamba jambo linalozungumzwa ni watoto wa Ireland? Alichoona ni baba yake wa kiroho anatukanwa. Na sura ya mtu mmoja ilibebeshwa kwa pigo moja makosa ya mapadre, watawa na maaskofu wengi, bila kutenganisha nani alitenda, nani alificha na nani hakujua. Huo ni udhaifu wa kisanaa, na pia ni udhaifu wa haki.

Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2021, alieleza kwamba picha ile aliitoa kwenye ukuta wa chumba cha mama yake baada ya mama kufariki. Mama huyo ndiye aliyekuwa akimtesa utotoni. Basi picha ya Baba Mtakatifu ilining'inia ukutani katika nyumba ambamo mtoto alikuwa akipigwa, na mtoto akakua akiviona vitu hivyo viwili pamoja. Hatusemi hilo linahalalisha tendo. Tunasema tu kwamba picha takatifu ukutani haijui kinachotendeka chini yake, na anayeitazama akiwa sakafuni huiona tofauti na sisi tulioipigilia msumari.

Lakini tathmini ya kipindi hiki haikamiliki bila kutazama kile cha wiki iliyofuata, tarehe 10 Oktoba. Mwenyeji alikuwa mwigizaji Joe Pesci. Alitokea mwanzoni akiwa na picha ile ile, vipande vimeunganishwa kwa gundi ya karatasi. Akasema kingekuwa kipindi chake, dada yule angekula kofi. Ukumbi ulishangilia, na kicheko kikarudi mahali pake.

Hebu tukitazame kichekesho hicho kama wahakiki. Kimejengwa juu ya kofi. Mwanamke amekuja kusema kwamba watoto wanapigwa na kuharibiwa, na jibu la kuchekesha ni kwamba na yeye alistahili kupigwa. Katika ukumbi ule hatudhani mtu alikusudia ukatili; walikuwa watu waliokaa wiki nzima na ukimya usiopendeza, wakapewa njia ya kutoka. Hivyo ndivyo kicheko kinavyoweza kufanya kazi. Hakikujibu hoja. Kiliondoa ulazima wa kuijibu.

Kicheko hakikuumbwa kwa kazi hiyo. Mwenye kuigiza rais aliyevimba kichwa anatusaidia kukumbuka kwamba rais naye ni mavumbi, na hilo ni fundisho la Jumatano ya Majivu. Kipindi hiki kilijipatia heshima yake kwa kuwacheka wakubwa. Mwaka 1990 O'Connor huyu huyu aligoma kushiriki wiki moja kwa sababu mwenyeji wa wiki ile alijulikana kwa mizaha ya kuwadhalilisha wanawake. Hiyo ina maana kwamba walimfahamu, na walijua kwamba hakuja kufanya mchezo. Walipolazimika kuchagua upande, kipindi kinachojisifu kwa kuwacheka wenye nguvu kilimcheka aliyekuwa peke yake.

Wengine walifuata. Tarehe 16 Oktoba alizomewa na sehemu kubwa ya ukumbi wa Madison Square Garden, katika tamasha la kumuenzi Bob Dylan. Katika jiji hilo hilo watu walileta mtambo wa kushindilia barabara ukakanyaga kanda na santuri zake. Januari 1993 Madonna, katika kipindi hicho hicho, alimuigiza kwa kuchana picha ya mtu aliyekuwa gumzo la magazeti, watu wakacheka tena. Na kichwa kile kilichonyolewa kilifanyiwa utani wa kila aina. (Wasomaji wa Kitabu cha Pili cha Wafalme watakumbuka kwamba nabii Elisha naye alichekwa upara wake na vijana njiani, ingawa hatupendekezi dua aliyowajibu nayo.)

Kisha miaka ikapita, na mambo yakaja moja baada ya jingine. Mwaka 1994 kesi ya padre mmoja aliyewanajisi watoto kwa miongo kadhaa iliitikisa Ireland hadi serikali ikaanguka. Januari 2002 gazeti la Boston Globe lilianza kuchapisha habari za Jimbo Kuu la Boston, ambako mapadre waliokosa walikuwa wakihamishwa parokia hadi parokia. Mei 2009 tume ya serikali ya Ireland ilitoa taarifa ndefu juu ya shule na malezi yaliyoendeshwa na mashirika ya kitawa, ambamo maelfu ya watoto waliteswa kwa miaka mingi. Machi 2010 Papa Benedikto wa 16 aliwaandikia Wakatoliki wa Ireland barua ya majuto. Agosti 2018 Papa Fransisko aliomba msamaha katika Misa ya hadhara jijini Dublin. Aliyetamka maneno hayo wakati huo hakuwa mwimbaji katika kipindi cha vichekesho. Yalitoka altareni, yakisemwa na mrithi wa yule ambaye picha yake ilichanwa.

Kuna mfalme mwingine katika kitabu cha Yeremia, sura ya 36, anaitwa Yehoyakimu. Aliketi mbele ya moto wakati wa baridi, akasomewa gombo la nabii, na kila safu chache zilipokwisha kusomwa alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni. Maandiko yanataja kwamba yeye na watumishi wake hawakuogopa. Tunapotazama Oktoba ile ya 1992 tunajiuliza ni nani hasa alikuwa anachana, na alikuwa anachana nini. Dada alichana karatasi yenye sura. Waliobaki walichana ujumbe, wakaurusha motoni huku wakicheka. Baruku alilazimika kuandika gombo upya, nao waathirika wa Ireland na Boston walilazimika kusimulia upya, mbele ya tume na mahakama, safari hii kwa majina na tarehe.

Tunaandika haya kwa ajili ya waamini wa parokia zetu, wala si kwa ajili ya New York. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa agizo liitwalo Vos estis lux mundi, linalotaka kila jimbo liwe na njia ya wazi na rahisi ya kupokea taarifa za unyanyasaji. Tuulizane katika jumuiya ndogo ndogo: mama mwenye mtoto katika Utoto Mtakatifu anajua aende kwa nani? Simu ipigwe wapi? Kama hajui, basi kwake agizo hilo bado halijafika, hata kama limeandikwa vizuri ofisini.

Na kabla mama hajatafuta simu, mtoto huwa amekwisha kusema kitu nyumbani. Huwa hasemi kama mwanasheria. Husema hataki tena kwenda mazoezi ya kwaya. Husema mwalimu fulani ana mikono mibaya. Na sisi tunacheka. "Huyu mtoto ana maneno, jamani!" Shangazi anacheka, mjomba anacheka, mtoto naye anacheka kidogo kwa aibu, na mazungumzo yanahamia kwenye chakula. Akirudia, ndipo anapoambiwa asimchafulie jina mtumishi wa Mungu. Hatuhitaji studio wala taa ya makofi. Kichekesho kile cha tarehe 10 Oktoba tunakicheza sebuleni, chini ya picha ile ile.

O'Connor hakupata kurudi kuimba katika kipindi kile. Alitangatanga sana kiimani. Mwaka 2018 aliingia Uislamu, na tarehe 26 Julai 2023 alifariki London akiwa na miaka 56. Waliomlilia walimsifu kwa ujasiri, baadhi yao katika magazeti yale yale yaliyokuwa yamemdhihaki. Sisi tunamwombea, na bado tunaona angeweza kuifanya kazi ile vizuri zaidi.

Limebaki jambo moja ambalo watu wachache hulitaja. Katika mazoezi ya mwisho, saa chache kabla ya kwenda hewani, O'Connor hakuinua picha ya Papa. Aliinua picha ya mtoto. Aliomba kamera isogee karibu, akaimba, akainama kwa heshima, akaondoka, na waliohusika waliridhika kwamba limepita jambo zuri. NBC walipokirudia kipindi hicho baadaye, waliondoa alichokifanya hewani wakaweka hicho cha mazoezi. Kwa hiyo picha zote mbili zilionyeshwa. Ile ya kwanza ilizua kelele dunia nzima, na wiki moja baadaye ikatafutiwa gundi. Ile ya mtoto ilirushwa kwa utulivu, na hakuna aliyepiga simu kuuliza ni mtoto wa nani.