Ngano Haijitoshelezi: Tathmini ya Filamu ya Pathala Bhairavi (1951)

Katika mijadala ya sera za utamaduni hudaiwa mara nyingi kwamba ngano za jadi ni hazina inayosubiri kamera tu. Makala hii inalipima dai hilo kwa kuichunguza Pathala Bhairavi, filamu ya Kitelugu iliyoongozwa na K. V. Reddy na kutolewa mwaka 1951. Hoja yetu ni kwamba ufanisi wake ulitokana na mpangilio wa kazi zaidi ya ukale wa hadithi.

Ramudu, mtoto wa mtunza bustani, anampenda binti wa mfalme wa Ujjain. Mfalme anamtaka kwanza awe tajiri kama yeye. Mchawi anamwahidi mali, huku akikusudia kumtoa kafara kwa mungu wa kike wa kuzimu. Hila inagunduliwa, mchawi ndiye anayechinjwa, na kijana anapata sanamu inayotimiza kila ombi. Msomaji wa Alfu Lela U Lela atatambua hapa undugu na kisa cha Aladini, ingawa chanzo cha karibu ni Kasi Majilee Kathalu, mkusanyiko wa Madhira Subbanna Deekshitulu.

Mkusanyiko huo ulikuwa wazi kwa kila mtayarishaji. Kampuni ya Vijaya, ya Nagi Reddi na Chakrapani, ilikuwa na kilichokosekana kwingine: studio za Vauhini mjini Madras, mwandishi Pingali Nagendra Rao, mpigapicha Marcus Bartley, mtunzi wa muziki Ghantasala, na waigizaji waliolipwa mshahara wa kila mwezi. Toleo la Kitamil lilitengenezwa sambamba na la Kitelugu, hivyo gharama za mandhari zikahudumia masoko mawili. Filamu ilidumu siku 100 katika kumbi 28, na mwaka 1952 ikaonyeshwa katika tamasha la kwanza la kimataifa la filamu nchini India.

Kisanaa, nguzo yake ni mchawi, aliyeigizwa na S. V. Ranga Rao. Neno lake la kuwaita watu, "dimbhaka", liliingia katika mazungumzo ya kila siku. Lugha iliyobuniwa kwa ajili ya filamu ikarudi kwa wasemaji wake. Udhaifu wake nao ni dhahiri. Binti mfalme huhamishwa kutoka mkono hadi mkono kama ile sanamu. Zaidi ya hayo, kigezo cha mfalme hakipingwi: mtoto wa mtunza bustani anastahili kuoa kwa sababu tu amepata mali, tena kwa uganga, si kwa jasho lake.

Basi, sera inayofadhili ukusanyaji wa ngano na kuishia hapo imeitenda nusu ya kazi. Kilichoifikisha hadithi hii kwa umma ni mafundi wenye ajira ya kudumu na mwandishi aliyeruhusiwa kuibadilisha. Asiyewalipa hao atabaki na kabati lililojaa ngano zisizo na msikilizaji.