Pongezi kwa Muuguzi wa Kliniki ya Watoto
Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto nchini Tanzania, yaani huduma inayofuatilia ukuaji na chanjo za watoto walio chini ya miaka 5, anastahili sifa ya pekee, kwa kuwa mzazi anayemwendea kwa ajili ya mizani na sindano huondoka pia na mwongozo wa malezi. Mstari wa uzito kwenye kadi ya mtoto unaposhuka, muuguzi hodari hamkaripii mama, bali humuuliza kwa upole juu ya homa, usingizi na ulishaji, kisha humkumbusha kwamba maziwa ya mama pekee hutosha kwa miezi 6 ya mwanzo. Akina baba, ambao bado ni wachache mno kwenye mabenchi ya kliniki hiyo, nao wafike wakamsikilize.