Sifa za Waya wa Mita Mbili

Nyumba nyingi za mjini siku hizi zina kompyuta mbili: ile ya mezani iliyozeeka, yenye picha za harusi na vyeti vilivyoskaniwa, na laptopu ya kijana anayesoma chuo. Zinakaa chumba kimoja, pengine meza moja, na hazijuani. Faili likihitajika upande wa pili linapandishwa intaneti kwa bando, linavuka bahari, linafika kwenye mashine za kampuni fulani nchi ya watu, kisha linateremshwa tena kwa bando lile lile ili litue hatua mbili kutoka lilikotoka. Au linabebwa kwa flashi, na flashi za kuazimana tunazijua: zinakwenda na kazi, zinarudi na virusi. Naona aibu kidogo, maana dawa yake ni waya wa mita mbili, vichwa viwili vya plastiki na mkono uliotulia.

Waya huo unauzwa ukiwa tayari umebanwa kiwandani, na asiye na nafasi anunue, hakuna atakayemlaumu. Lakini kuubana mwenyewe ni ufundi kamili. Seremala anasifiwa, fundi cherehani anasifiwa. Huyu wa nyaya hupita mlango wa nyuma, alipwe, aondoke, na watu waseme "aliunga tu".

Mtazame anavyounga. Anachuna ganda la nje kiasi cha sentimita tatu, na ndani zinatokea nyaya nane nyembamba zilizosokotwa mbili mbili: ya chungwa na nyeupe yake yenye mstari wa chungwa, ya kijani na nyeupe yake, ya bluu na yake, ya kahawia na yake. Ukizichunguza kabla hazijafunguliwa utaona jozi moja imekazwa sana, nyingine imelegezwa kidogo. Si uzembe wa kiwanda. Taa, feni, simu iliyo karibu, vyote hutupa makelele ya umeme juu ya waya wowote unaopita. Nyaya mbili zikisokotwa pamoja kama kamba ya usumba, kelele huziangukia sawasawa. Na kwa kuwa moja hubeba ishara na mwenzake hubeba kinyume cha ishara ile ile, kompyuta inayopokea huchukua tofauti iliyopo baina yao, na kelele hujifuta yenyewe. Alexander Graham Bell alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1881, kwa ajili ya simu. Kukaza jozi kwa viwango tofauti nako kuna sababu: zisije zikasikilizana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana fundi mzuri hafungui msokoto zaidi ya milimita 13 au hivi. Asiye mzuri anafungua urefu wa kidole, kisha anashangaa mtandao unavyokwama.

Baada ya hapo ni rangi. Mpangilio unaotumika sana unaitwa T568B. Shika kichwa ulimi wake ukiwa nyuma, meno ya dhahabu yakutazame, tundu la kuingizia nyaya liwe chini. Halafu hesabu kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kila anayejifunza hukwama hapo kwenye kijani. Kwa nini jozi hiyo itenganishwe, mmoja nafasi ya 3 na mwenzake nafasi ya 6, bluu wakiwa wamekaa katikati yao? Jibu linatoka kwenye simu za mezani, ambazo laini yake ya kwanza ilipita katikati ya tundu. Nafasi ya 4 na ya 5 zikaachiwa bluu, na kijani wakalazimika kuwapisha.

Mtu anayependa unadhifu huona mpangilio huo ni fujo, akapanga jozi zake kando kwa kando, pande zote mbili zikafanana. Anachomeka testa, ile ya bei rahisi yenye taa ndogo, na taa zinawaka moja hadi nane bila kuruka. Anafunga kazi. Kumbe kompyuta zinatumia nafasi ya 3 na ya 6 kama jozi, na katika waya wake nafasi hizo zimeshikwa na nyaya mbili zisizosokotwa pamoja. Kelele haijifuti tena. Waya ukiwa mfupi huenda ukafanya kazi siku mbili tatu. Ukirefuka, mtandao unakuja na kuondoka, na mwenye nyumba analaumu kompyuta. Testa haikudanganya. Iliulizwa kama shaba imefika, ikajibu imefika. Kama shaba imefika pamoja na mwenzi wake, hilo halimo katika taa zake. Limo katika macho ya fundi, ambaye hugeuza kichwa mwangani na kusoma rangi moja moja kabla ya kubana krimpa, koleo la kubania vichwa. Mimi heshima yangu kwa kazi hii inaanzia hapo.

Zamani kulikuwa na kanuni nyingine. Kompyuta mbili zilizounganishwa moja kwa moja, bila swichi ya mtandao katikati, zote husemea nafasi zile zile na kusikilizia nafasi zile zile, kwa hiyo waya wake ulivukishwa: upande mmoja T568B, upande wa pili T568A, ambamo chungwa na kijani hubadilishana viti. Siku hizi kadi za mtandao za kasi ya gigabiti moja hugundua na kugeuza zenyewe, na waya wa kawaida unatosha.

Ukipita steshenari yoyote mtaani utakuta kompyuta mbili na printa moja. Shida hiyo hiyo ndiyo iliyozaa Etheneti, mtandao unaopita ndani ya waya huu. Mwaka 1973, katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, Robert Metcalfe alitakiwa kuziunganisha kompyuta za maabara ili zishirikiane printa mpya ya leza. Yeye na mwenzake David Boggs walitengeneza mtandao wa kasi ya megabiti 2.94 kwa sekunde, juu ya kebo nene isiyo na jozi zozote. Nyaya zilizosokotwa zilipata kanuni yake rasmi mwaka 1990. Waya wako wa mezani unapitisha megabiti 1,000, na ungeweza kunyooshwa hadi mita 100.

Kwenye kompyuta zenyewe kazi si ndefu. Ya kwanza ipe anwani 192.168.1.1, ya pili 192.168.1.2, na zote mbili zipe kinyago cha mtandao (subnet mask) cha 255.255.255.0. Anwani za ukoo huo zilitengwa rasmi mwaka 1996 kwa mitandao ya ndani, hivyo jirani yako anaweza kuwa na zile zile na msigombane. Fayawoli iambie kwamba huu ni mtandao wa nyumbani, kisha shea folda moja yenye nywila. Diski nzima usiishee, hata kwa mdogo wako. Halafu, kwenye dirisha la amri, andika ping na anwani ya upande wa pili. Programu hiyo aliiandika Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983, na mpaka leo sijaona jibu fupi linaloridhisha kuliko lake: mistari minne, muda chini ya milisekunde 1. Folda ya gigabaiti 4 inavuka kwa dakika moja hivi kama diski haichechemei, na bando linabaki kama lilivyokuwa.

Najua kuna Wi-Fi. Ni nzuri kwa simu, na kwa mtu anayehama na laptopu yake kutoka sebuleni hadi barazani. Kwa mashine mbili zisizohama, Wi-Fi ni uvivu uliopewa jina zuri, hasa katika nyumba za kupanga ambako mitandao ya vyumba vyote inagombania hewa moja.

Kebo inauzwa kwa mita, Kariakoo jijini Dar es Salaam, Luthuli Avenue jijini Nairobi, na kwingine kwingi. Kabla hujalipa, omba kipande, kwaruza waya mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nayo hukatika ukiikunja mara chache. Rudisha, dai ya shaba tupu. Na vichwa nunua vya akiba, kwa sababu kichwa kikishabanwa hakifunguki tena. Hukatwa na kutupwa.