Bapa, Mpini na Ala: Kusoma Umri wa Jambia la Kiosmani

Jambia maarufu kuliko yote ya Milki ya Osmani limehifadhiwa katika Jumba la Topkapi, Istanbul. Mpini wake una zumaridi tatu kubwa, na zumaridi nyingine kileleni ndiyo kifuniko cha saa ndogo. Sultani Mahmud wa Kwanza aliagiza litengenezwe liwe zawadi kwa Nadir Shah wa Uajemi. Nadir akauawa mwaka 1747, na zawadi ikarudi ilikotoka. Silaha ni ya Istanbul, lakini saa ni kazi ya Uingereza. Ikiwa hata hazina ya sultani ina vipande vya asili tofauti, sembuse kisu cha askari kilichopita mikononi mwa warithi, masonara na wachuuzi? Ndiyo maana mtu anayetaka kujua umri wa silaha hizi lazima auulize mara tatu: wa bapa, wa mpini, na wa ala.

Tuchukue yatagani, kisu kirefu kisicho na kikingio cha mkono, chenye makali upande wa ndani wa mpindo na mpini unaoishia kwa masikio mawili. Ubavuni mwa bapa mara nyingi kuna maandishi yaliyopachikwa kwa fedha: jina la mhunzi, jina la mwenye silaha, na mwaka wa Hijria. Tuseme tunasoma 1220. Gawanya kwa 33 upate karibu 37, toa hizo kwenye 1220, kisha ongeza 622: ni 1805, na kwa kuwa miaka ya kalenda hizi haianzi pamoja, tunaandika 1805/06.

Hesabu ni rahisi. Kazi ngumu ni kuziona tarakimu zenyewe. Mbili ya Kiarabu ni mstari wenye kichwa kilichopinda. Fedha ya kichwa ikibanduka, hubaki mstari mtupu, nao husomeka moja. 1220 inageuka 1120, na silaha inazeeka kwa karibu miaka 97 bila mtu kudanganya. Sifuri nayo ni nukta, na kutu hutoboa nukta popote ipendapo. Tumia kioo cha kukuzia na mwanga wa kutoka ubavuni: mfereji uliochongwa kuishika fedha hubaki hata fedha yenyewe ikitoka. Wauzaji hupenda pia kusema kila yatagani ilikuwa ya Janissari, askari wa sultani. Kikosi hicho kilivunjwa mwaka 1826, hivyo bapa la 1250, yaani 1834/35, haliwezi kuwa lilifuliwa kwa ajili yao.

Mpini ndio unaobadilishwa ovyo. Pembe ya ndovu, ikikatwa kwa upana, huonyesha mistari inayokatizana. Ya walrasi ina kiini chenye mabaka. Mistari iliyonyooka sambamba, kama ya kupigwa rula, inaelekeza kwenye seluloidi, ambayo haikuwapo kabla ya nusu ya pili ya karne ya 19. Fedha iliyopachikwa marijani ya fedhaluka huashiria Balkani, na Foča ya Bosnia ilisifika kwa wahunzi wa yatagani. Ila askari walisafiri na mafundi walihama, kwa hiyo mtindo peke yake mimi huuhesabu kuwa dokezo tu. Lakini mtindo mwingine hauna utata: ala yenye pete saba na mpindo mkali, inayofahamika Zanzibar, ni ya Oman, hata muuzaji akiiita ya Kituruki.

Ala ya fedha ina shahidi bora: mhuri wenye tughra, yaani saini ya sultani. Humo mna jina la sultani na la baba yake, kwa hiyo Mahmud bin Mustafa, aliyetawala 1730–1754, hachanganyiki na Mahmud bin Abdulhamid wa 1808–1839. Sasa ikiwa bapa letu la 1220, lenye mpini wa marijani, limevishwa ala yenye tughra ya Abdulmecid, wa 1839–1861, tusikimbilie kusema ni bandia. Mbao na ngozi huchakaa kabla ya chuma, na mwenye kisu kizuri hukinunulia ala mpya. Kuna linalohitaji kukaguliwa zaidi: ribiti za mpini. Zikiwa zinang'aa huku msuka ukiwa na kutu nyeusi, mpini umefunguliwa karibuni.

Bila alama hiyo, kadi ya maelezo ningeiandika hivi: bapa, 1805/06; mpini, mtindo wa Balkani, tarehe haijathibitishwa; ala, kati ya 1839 na 1861.