Mtumishi wa Nani? Uhakiki wa Msamiati wa Kazi na Uongozi katika Kiswahili cha Kanisa Upareni

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili cha kanisa kinavyozungumzia hali za maisha za viongozi na za wafanyakazi walio chini yao. Tukianzia Shighatini, katika Milima ya Upare, tunachunguza neno mtumishi, vitenzi vinavyoandamana nalo, na msamiati wa malipo katika Biblia ya Muungano. Hoja yetu ni kwamba neno linalowaweka askofu na mlinzi katika kundi moja la heshima ndilo hilohilo linalomwondoa mwajiri katika sentensi, na hivyo kuifanya tofauti ya maisha yao ionekane haina mwenyewe.

1. Utangulizi

Katika sharika nyingi nchini, askofu ni mtumishi, mchungaji ni mtumishi, mwinjilisti ni mtumishi, na anayelala nje akilinda ofisi ni mtumishi pia. Wanne hawa hawalali nyumba za aina moja, hawasafiri kwa njia moja, wala hawaagwi kwa namna moja wanapostaafu. Wachunguzi wa mambo ya jamii wanaweza kupima tofauti hiyo kwa shilingi. Kazi ya mwanaisimu ni nyingine: kuuliza inakuwaje tofauti inayoonekana kwa macho ikose neno la kuitamkia.

Mkabala unaotuongoza ni uchanganuzi hakiki wa usemi, hasa rai ya Fairclough katika kitabu chake cha 1989 kuhusu lugha na mamlaka, kwamba uteuzi wa muundo wa sentensi unaweza kumficha mtenda na kuyafanya mahusiano ya mamlaka yaonekane ya kawaida. Hatuhakiki imani ya mtu, wala hatuituhumu dayosisi yoyote. Tunahakiki msamiati.

2. Mzizi -tum- na nafasi iliyo wazi

Kitenzi tuma kimezaa familia kubwa ya nomino: mtume, mtumwa, mtumishi, utume, utumwa, utumishi. Mtumwa inatokana na kauli ya kutendwa, na kwa hiyo inabeba kivuli cha aliyemtuma. Mtumishi, kwa mtazamo wetu, inatokana na tumika, ambapo /k/ ya kiambishi cha kutendeka inageuka /ʃ/ mbele ya kiambishi -i. Mabadiliko ya sauti ni yaleyale ya pika na mpishi, au andika na mwandishi, lakini kuna tofauti moja: katika mpishi na mwandishi /k/ ni ya shina, ilhali katika mtumishi ni ya kauli.

Kisintaksia, kauli ya kutendwa ina nafasi ya mtenda: tunasema barua imeandikwa na Musa. Kauli ya kutendeka haina nafasi hiyo. *Barua imeandikika na Musa haikubaliki. Tofauti hii inaonekana pia katika msamiati wa ajira. Mwajiriwa ameajiriwa na fulani, na neno lenyewe linamdai mwajiri ajitokeze. Mtumishi anatumika, basi.

Msomaji anaweza kupinga kwamba asili ya neno si hukumu ya maana yake ya leo. Ni kweli, na ndiyo maana ushahidi mzito zaidi uko katika matumizi, hususan katika kihusishi cha umilikishi. Mtumishi wa umma anatajiwa upande wa pili wa uhusiano, na upande huo una kanuni za kudumu, ngazi za mishahara na mahali pa kukatia rufaa. Katika mtumishi wa Mungu nafasi hiyohiyo inajazwa na Mungu, na Mungu hadaiwi malimbikizo ya mshahara. Halmashauri inayoajiri, mweka hazina anayelipa na kiongozi anayeidhinisha wote wanatoka nje ya kirai hicho.

3. Askofu anapatiwa, mwinjilisti anatumika

Mifano ifuatayo tumeitunga sisi kwa kufuata miundo iliyozoeleka katika matangazo na taarifa, haikunukuliwa popote.

(1) Baba Askofu amepatiwa gari ili kurahisisha huduma.
(2) Mwinjilisti anatumika katika mazingira magumu.
(3) Mlinzi wa usharika anajitolea kwa posho ndogo.

Katika (1) kitenzi kina kauli mbili, ya kutendea na ya kutendwa. Mpokeaji ananufaika bila kuonekana kuwa ameomba, na kishazi cha kusudio kinaihamisha faida kutoka kwake hadi kwenye huduma: gari si la askofu, ni la kazi. Katika (2) hakuna mnufaika wala mtoaji. Ugumu umegeuzwa kuwa mahali, kama mlima au ukame, na hakuna anayeulizwa ulitoka wapi. Katika (3) kiambishi -ji- kinamfanya mlinzi awe mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Anayempa kidogo ametoweka, na uchache wa malipo umekuwa uamuzi wa mlipwaji.

Neno posho lenyewe linastahili kuangaliwa. Katika mashamba ya mkonge, yakiwemo ya tambarare za Upare, posho ilikuwa chakula alichopimiwa kibarua. Leo neno hilo lina ncha mbili zilizo mbali: ni malipo ya kikao kwa mkubwa, juu ya mshahara alio nao, na ni kinachotolewa badala ya mshahara kwa mdogo. Taarifa ya fedha inayoandika posho bila kufafanua inaweza kuzichanganya ncha hizo mbili katika mstari mmoja.

4. Ujira na mshahara katika Biblia ya Muungano

Tafsiri ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, imelea Kiswahili cha madhabahuni kwa vizazi kadhaa. Katika Marko 10:43–44 inatofautisha mtumishi na mtumwa, na mafundisho yenyewe yanamtaka mkubwa ashuke. Hivyo neno mtumishi lilikusudiwa kumbana kiongozi. Katika matumizi ya leo mzigo umehama: kiongozi anapata heshima ya unyenyekevu kwa kujiita mtumishi, na mfanyakazi anaachiwa unyenyekevu wenyewe.

Msamiati wa malipo nao una upande wake. Katika baadhi ya aya zinazokaririwa zaidi, neno mshahara lina sifa mbaya. Warumi 6:23 inalifunga na dhambi na mauti. Yohana 10:12 inamtaja mtu wa mshahara kuwa kinyume cha mchungaji mwema. Luka 3:14 inawataka askari watosheke na mishahara yao. Mfanyakazi wa kanisa anayeuliza habari za mshahara wake anaingia katika uwanda huu wa maana kabla hajamaliza sentensi, na ni rahisi kuambiwa kwamba amepoteza wito.

Hata hivyo, tafsiri hiyohiyo ina mkondo mwingine. Luka 10:7 inatambua haki ya mtenda kazi kupata ujira. Yakobo 5:4 inaupa sauti ujira uliozuiliwa. Na Mwanzo 31:7 inakumbuka jinsi Labani alivyombadilishia Yakobo mshahara mara kumi. Kwa hiyo haiwezekani kusema kuwa Maandiko yanakataza swali la malipo. Kinachofanyika ni uteuzi wa aya, na uteuzi huo una upande unaoufaidisha.

5. Shighatini: mwalimu aliyegawanyika

Wamisionari wa Leipzig, waliokwisha kuanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, walifungua kituo Shighatini mwaka 1900. Tangu awali kazi ilisimama juu ya mabega ya walimu wenyeji. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa mwaka 1920, walimu hao ndio waliozishika sharika. Mwalimu wakati huo alikuwa neno moja lenye kazi mbili: kufundisha kusoma na kufundisha dini.

Baada ya Uhuru neno hilo liligawanyika. Hatua za Serikali, zilizofikia kilele kwa Sheria ya Elimu ya 1969 na kuchukuliwa kwa shule nyingi za mashirika ya dini, zilimweka mwalimu wa shule katika utumishi wa umma, mwenye ngazi ya mshahara na pensheni. Mwenzake aliyebaki na katekisimu akawa mwinjilisti, chini ya usharika na sadaka zake. Walitoka katika benchi moja, wakaishia katika misamiati miwili: mmoja ana mwajiri, mwingine ana wito. Dayosisi ya Pare ilipoanzishwa mwaka 1975, makao yake yakiwa Same, ilirithi mgawanyiko huo. Haikuuasisi.

6. Msaragambo na Mbiru

Huenda ikadaiwa kwamba kujitolea ni utamaduni wa Wapare wenyewe. Ni kweli kwamba msaragambo ni neno lenye heshima. Lakini msaragambo una masharti: kaya zote huitwa, kazi ina mwisho, na maji ya ndiva iliyozibuliwa hurudi kwa zamu katika mashamba ya waliozibua. Mlinzi anayelinda kila usiku, mwaka hadi mwaka, peke yake, hayumo katika msaragambo. Kumwita mtu wa kujitolea ni kuazima heshima ya desturi na kuyaacha masharti yake.

Historia ya hapa ina somo jingine. Katika mgogoro wa Mbiru, Januari 1945, maelfu ya wanaume waliteremka hadi Same na kukaa huko. Mwanzoni mwa 1946 wanawake waliandamana Usangi. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa na watawala kwa kipimo wasichokijua. Suala la malipo ya mfanyakazi wa kanisa ni la aina hiyohiyo: kabla ya kuuliza ni kiasi gani, tunauliza nani anapima, kwa kipimo gani, na je, kipimo hicho kinampima pia anayepima?

7. Hitimisho

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 iliwatenga walio katika Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Haikuyataja mashirika ya dini miongoni mwa hao. Msamiati wa mwajiri na mwajiriwa, basi, hauko nje ya mlango wa kanisa.

Hatupendekezi kulifuta neno mtumishi. Lina kazi yake katika ibada, na likitumika kama lilivyo katika Marko linamdai kiongozi kuliko mtu mwingine yeyote. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika mikataba, mihtasari na taarifa za fedha, maneno mwajiri, mfanyakazi, mshahara na stahili yatumike, na kwa askofu yatumike kama kwa mlinzi. Pili, posho itajwe kwa aina yake na kwa anayeipokea. Tatu, wanafunzi wetu wa uzamili wakusanye matini za namna hii, kwa idhini ya wahusika, ili hoja tuliyoijenga hapa kwa mifano ya kutungwa ipimwe kwa data. Ikithibitika, itakuwa imeonyesha kwamba sehemu ya mshahara unaocheleweshwa hucheleweshwa kwanza katika sentensi.